Kutoka Bwela hadi Injini ya Rota: Historia ya Jina "Maji ya Rejeta" katika Nchi ya Same na Jipe

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kujiuliza neno jipya litatoka wapi: je, liundwe kutokana na mzizi wa Kiswahili, lichukuliwe katika lugha nyingine ya Kibantu, au litoholewe kutoka lugha ya kigeni? Ni mara chache tunapojiuliza swali la pili, ambalo uzito wake si mdogo: neno la zamani liangaliwe upya lini?

Lugha ina desturi ya kuyahifadhi majina baada ya vitu vyenyewe kubadilika. Aghalabu desturi hiyo haina madhara. Gari moshi laitwa gari moshi hata leo, ijapokuwa moshi wa kuni na makaa uliolipa jina hilo umekwisha kutoweka katika reli zetu, wala hakuna abiria aliyepata hasara kwa sababu hiyo. Lakini yapo majina mengine ambayo, yakiachwa kama yalivyo, humwelekeza mtumiaji kwenye kosa. Jina moja la namna hiyo ni "maji ya rejeta".

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina hilo lilivyozaliwa, kwa kutumia mfano wa nchi iliyoko kati ya ziwa Jipe na mji wa Same, ambako maji, chuma na moto vimekutana kwa namna mbalimbali tangu kabla ya kuja kwa reli. Kisha yataonyesha kwa nini jina lililofaa katika enzi ya chuma cha kusubu limekuwa na hatari katika enzi ya alumini, na hasa katika injini ya rota. Mwisho yatapendekeza msamiati unaoweza kuwafaa wafasiri wa vitabu vya magari, walimu wa ufundi, na watumishi wa serikali wanaoandika fomu za ukaguzi wa vyombo vya usafiri.

2. Nchi na maji yake

Ziwa Jipe liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya Milima ya Upare ya Kaskazini. Hupokea maji ya mto Lumi utokao upande wa Kilimanjaro, pamoja na vijito vinavyoteremka kutoka Upare. Maji yake hutoka kwa mto Ruvu, ambao hukutana na mto Kikuletwa penye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani hadi baharini. Kwa upande wa Tanzania ziwa hilo leo limo katika wilaya ya Mwanga, lakini kwa muda mrefu Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja iliyoitwa Pare.

Nchi hiyo ina sura mbili. Milimani kuna mvua, ukungu na vijito. Tambarare, hasa upande wa Same na Makanya, ni nchi kavu ipatayo kadiri ya milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Katika nchi kavu kama hiyo maji hayawi maji tu. Jua huyainua kwa mvuke na kuyaacha nyuma yale yaliyoyeyuka ndani yake: chokaa, chumvi na magadi. Kila mama anayechemsha maji ya kisima cha tambarare aujua ugamba mweupe ubakiao ndani ya sufuria.

Wapare walikuwa na elimu yao juu ya maji kabla ya fundi yeyote wa kigeni kufika. Mlimani walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo hukusanya maji ya kijito usiku kucha ili yafunguliwe mchana na kupita katika mifereji, iitwayo mifongo, hadi mashambani. Ndiva haikuachwa ijitunze. Maji yanaposimama huacha tope, na mfereji usiozolewa huziba. Kwa hiyo watu walitoka pamoja kwa msaragambo kuzoa tope na kuziba nyufa. Bwawa lililojaa tope huonekana limejaa maji, na kumbe maji yaliyomo ni kidogo. Fikra hii, kwamba chombo chaweza kuonekana kimejaa ilhali kazi yake imekwisha, tutairudia huko mbele.

Vilevile Upare haukuwa mgeni wa chuma. Huko Ugweno, kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, ameonyesha nafasi kubwa ya wahunzi hao katika utawala wa zamani wa Ugweno. Chuma cha Ugweno kiliuzwa hata kwa majirani wa Uchaga. Watu waliokitoa chuma katika mchanga na kukifua kuwa jembe na mkuki hawakuhitaji kufundishwa kwamba chuma kikiachwa katika unyevu huliwa. Kiswahili nacho husema hivyohivyo: chuma hushika kutu, na kutu hula chuma.

3. Enzi ya bwela

Reli ya Usambara ilianzwa Tanga mwaka 1893. Ilijengwa polepole: ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, baada ya kupita chini ya Milima ya Upare na kuigusa Same. Pamoja na reli ikaja mashine ya kwanza katika nchi hiyo ambayo uhai wake ulitegemea maji: injini ya mvuke.

Kiini cha injini hiyo ni bwela, ambayo wengine huiita boila. Ni pipa kubwa la chuma lililopitishwa mirija ya moto ndani yake. Maji huchemka, mvuke hutoka na kusukuma pistoni, na maji mapya huingizwa. Hapa pana jambo la msingi. Mvuke hutoka safi, bali chokaa na chumvi zilizokuwamo katika maji hubaki. Kila mara maji mapya yanapoingia, mzigo huo huongezeka. Baadaye hugandamana juu ya mirija na kufanya tabaka gumu kama jiwe. Tabaka hilo huzuia joto lisipite kutoka kwenye chuma kuingia katika maji. Chuma kikakosa kupozwa, kikapata moto kupita kiasi, kikalegea na hata kupasuka. Kwa sababu hiyo ilikuwa desturi ya reli zote za mvuke duniani kuikausha bwela kila baada ya muda, kuiosha na kuikwangua.

Tabaka hilo halijapata jina moja la Kiswahili linalokubaliwa na wote. Hata hivyo tunalo neno "ukoga", yaani uchafu mgumu unaoganda menoni. Hakuna neno linalofaa zaidi. Ukoga wa bwela na ukoga wa meno vyote viwili ni madini yaliyogandamana polepole juu ya kitu kigumu, na vyote viwili huficha uharibifu unaoendelea chini yake.

Mafundi wa reli hawakutosheka na kuosha. Katika nchi nyingi walitia dawa ndani ya maji ili kuyalainisha, na dawa iliyotumika sana ilikuwa soda, ambayo ni jamaa ya magadi tuyajuayo. Soda iliifanya chokaa ianguke chini kama tope badala ya kushikamana na mirija, tena iliyafanya maji yasiwe makali kwa chuma. Msomaji aliweke jambo hili moyoni: magadi katika maji hukilinda chuma. Tutaona kwamba yale yaliyokuwa dawa kwa bwela yamekuwa sumu kwa injini za leo.

Hivyo basi, katika karakana za reli maji hayakuwa maji matupu. Yalikuwa kitu cha kutazamwa, kutiwa dawa, kumwagwa na kubadilishwa kwa ratiba. Lakini elimu hiyo ilikaa katika lugha za wakubwa wa karakana, Kijerumani kwanza na Kiingereza baadaye. Kiswahili kilipokea majina ya vitu vilivyoonekana kwa macho, kama vile reli, stesheni, treni na bwela. Majina ya mambo yaliyofanyika ndani ya chuma hayakuingia.

4. Vita na kuja kwa motokaa

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta magari mengi kwa mara moja katika nchi hiyo. Februari 1916 Jenerali Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza katika Afrika Mashariki. Machi mwaka huohuo palipiganwa vita katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, kisha Kahe. Reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi ilipitishwa kaskazini ya ziwa Jipe na kuunganishwa na reli ya Usambara huko Kahe. Mwezi Mei majeshi yakateremka kufuata reli na mto Pangani, yakapita Same na kuelekea Mombo, ilhali Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma na kubomoa reli na madaraja.

Ng'ombe na nyumbu wa jeshi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa mbung'o, na malori yalikwama katika vumbi na matope. Mzigo mkubwa ukawaangukia wapagazi, na Kiswahili kikapata neno "Kariakoo" kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Neno hilo lafaa kukumbukwa hapa kwa sababu laonyesha njia ambayo maneno ya wakati ule yaliingia: kwa sikio wala si kwa kitabu.

"Rejeta" ni neno la njia hiyohiyo. Mtu anayetohoa kwa kusoma maandishi angelipata neno refu zaidi, lenye silabi zote za Kiingereza. Mtu anayesikia katika makelele ya karakana hupata "rejeta", kama vile waliosikia jina la Kiingereza la askari walivyopata "soja". Ndivyo yalivyoingia pia breki, gia, plagi, gasketi na kabureta. Ni maneno ya madereva, matingo na makanika, nayo yamekaa vizuri katika lugha kiasi kwamba hakuna anayeyahesabu kuwa ni wageni.

Lakini tazama kwamba chombo kilipata jina, na kile kilichotiwa ndani yake hakikupata. Hakikuhitaji. Dereva alichota maji katika kijito, mfereji au kisima, akayamimina, akaendelea na safari. Gari likipanda mlima kwa gia ndogo lilichemsha. Akangoja lipoe, akachota tena. Injini za wakati ule zilikuwa za chuma cha kusubu, chenye kuta nene. Maji mabaya yalizijaza kutu na ukoga, bali ziliweza kuvumilia miaka mingi. Kwa injini kama hizo "maji ya rejeta" lilikuwa jina la haki, kwani yalikuwa maji kweli.

Katika nchi za baridi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko maji ya rejeta huganda wakati wa majira ya baridi na kupasua injini. Kwa sababu hiyo watu walichanganya maji na pombe kali au glisirini, na tangu miaka ya 1920 kioevu kiitwacho ethilini glikoli kikaanza kuuzwa kwa kazi hiyo. Jina lake likatokana na kazi yake ya msimu, yaani kuzuia maji yasigande. Bidhaa yenye jina hilo haikuwa na maana kwa dereva wa Same. Nani anunue dawa ya kuzuia barafu katika nchi isiyo na barafu? Hivyo kioevu hakikuja, na jina lake halikuja, na pengo likabaki katika msamiati wetu.

5. Injini ya rota

Injini ya rota, ambayo pia huitwa kwa jina la mbuni wake, Mjerumani Felix Wankel, ilijaribiwa kwa mara ya kwanza katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Gari la kwanza lenye injini hiyo, NSU Spider, lilianza kuuzwa mwaka 1964. Mwaka 1967 yakafuata NSU Ro 80 na, huko Japani, Mazda Cosmo Sport, kazi ya wahandisi walioongozwa na Kenichi Yamamoto. Mazda ndiyo iliyodumu na injini hiyo kuliko wengine wote: RX-7 kuanzia mwaka 1978, ushindi wa mashindano ya Le Mans mwaka 1991, RX-8 kuanzia mwaka 2003, na tangu mwaka 2023 rota ndogo ya kuzalisha umeme ndani ya gari la MX-30.

Injini hizo si nyingi katika barabara zetu. Twazichukua kuwa mfano kwa sababu zaonyesha kwa uwazi zaidi ugonjwa ambao injini za kawaida nazo zinao. Badala ya pistoni zinazopanda na kushuka, injini hii ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa katikati. Injini ya rota mbili hujengwa kama mkate uliopangwa tabaka kwa tabaka: bamba la chuma cha kusubu, nyumba ya rota ya alumini, bamba la chuma, nyumba ya alumini, bamba la chuma. Tabaka hizo tano hufungwa pamoja kwa parafujo ndefu zipitazo kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia za maji hupenya tabaka zote, na kila penye kiungo pamewekwa pete za mpira ili maji yasiingie katika chumba cha moto.

Katika injini ya pistoni, hewa baridi huingia mahali palepale ambapo moto huwaka, kwa hiyo mahali hapo hupata kupumzika. Katika rota, moto huwaka siku zote upande mmoja, penye plagi, na hewa baridi huingia siku zote upande wa pili. Upande mmoja ni tanuri daima, na wa pili hauna joto hilo. Uhai wa injini umo katika kioevu kinachozunguka kuliondoa joto la upande ule.

Sasa na tufikirie dereva anayemimina humo maji ya kisima cha tambarare. Kwanza, ukoga huanza kuganda palipo na moto mwingi zaidi, yaani mahali ambapo haufai kabisa kuwapo. Pili, alumini na chuma vikigusana ndani ya maji yenye chumvi hufanya betri ndogo. Mkondo wa umeme hupita, na alumini ndiyo inayolika. Tatu, alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojifanya wenyewe juu yake, na magadi huuyeyusha utando huo. Maji ya magadi yaliyoilinda bwela ya chuma huila nyumba ya alumini. Nne, chuma nacho hushika kutu pembezoni mwa njia za maji, hata ukingo mwembamba unaoshikilia pete ya mpira ukamomonyoka. Pete ikikosa pa kushika, maji huvuja kidogo kidogo kuingia katika chumba cha moto.

Dalili huanza kwa unyonge. Asubuhi injini hugoma kuwaka kwa muda, kisha hutoa moshi mweupe. Maji hupungua na hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Dereva huongeza maji, na kwa kuongeza huko huzidi kuleta chumvi mpya na kuipunguza nguvu dawa yoyote iliyokuwamo. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Injini hii huliwa kutoka ndani, na anayeilisha adui ni mwenyewe mwenye gari kwa debe lake la maji. Siku maji yanapojaza chumba cha moto hakuna tiba nyepesi: lazima injini yote ifunguliwe tabaka kwa tabaka, na mara nyingi mabamba yenyewe hutupwa.

Injini za pistoni za siku hizi zina vichwa vya alumini, na nyingi zina rejeta za alumini pia. Nazo huliwa kwa njia hiyohiyo, ila polepole zaidi. Mafundi wetu huujua mwisho wa jambo hilo vizuri. Husema gari limechemsha, limeunguza gasketi, linachanganya maji na oili. Wanayo majina ya msiba, bali jina la kinga hawana.

6. Majina yanayohitajika

Kioevu kinachotakiwa ni mchanganyiko wa maji yaliyosafishwa, glikoli, na dawa za kuzuia ulikaji. Ukichanganywa nusu kwa nusu, hauchemki kwa nyuzi 100 za Selsiasi kama maji, bali kwa nyuzi 107 hivi, na zaidi ya hapo kifuniko cha rejeta kinapobana. Kwa Same na Jipe kazi zake mbili ni hizi: kuzuia ulikaji, na kuchelewesha mchemko. Kazi yake ya tatu, ya kuzuia barafu, haituhusu. Na tuyapime majina yanayowezekana.

(a) "Kizuia mgando". Hii ni tafsiri ya jina la nchi za baridi. Kwa sarufi haina kosa, lakini kwa maana yapotosha, kwa sababu inamwambia dereva wetu kwamba bidhaa hii si yake. Mfasiri anayefasiri neno bila kufasiri hali ya nchi amefanya nusu ya kazi.

(b) "Kulanti". Hili lasikika madukani na katika karakana, nalo limepita njia ileile ya rejeta. Hatuna haki ya kulidharau. Udhaifu wake ni kwamba halimfundishi kitu asiyejua Kiingereza, na wengi hulidhani kuwa ni jina la rangi, wakiomba ya kijani au nyekundu. Rangi hutiwa na mtengenezaji na si kipimo cha dawa iliyomo.

(c) "Kipoza injini". Limeundwa kwa mfano wa kipaza sauti na kizima moto, na kwa hiyo ni jema. Ila rejeta nayo ni kipoza injini, na feni pia. Jina moja kwa vitu vitatu si istilahi.

(d) "Kipozeo". Kutokana na "poza" twapata "pozea", yaani kupoza kwa kutumia kitu fulani, na kutokana na hilo "kipozeo", kama vile "kipimio" kutokana na "pimia". Kipoza ni kitendaji. Kipozeo ni kile kinachotumiwa kupozea. Tena kitenzi "poza" kina maana mbili katika Kiswahili: kuondoa joto, na kuponya. Kioevu hiki hufanya yote mawili. Kwa maoni yangu hili ndilo linalofaa kupendekezwa, na kulanti liendelee kuwa kisawe chake katika mazungumzo.

Kuhusu uharibifu wenyewe, nashauri tutenge maneno matatu ambayo sasa yote hutupwa ndani ya "kutu". Kutu na ibaki kwa chuma. Alumini haipati kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe na kutobokatoboka. Kwa jumla ya mambo hayo twaweza kutumia "ulikaji", kutokana na "lika", ambalo lakubaliana na fikra yetu ya zamani kwamba kutu hula. Na "ukoga" liwe jina la tabaka la madini linaloganda katika bwela, rejeta, birika na mabomba ya maji. Mwalimu anayetofautisha maneno haya matatu mbele ya wanafunzi wake amekwisha kuwafundisha nusu ya somo.

Kuna pia lile tangi dogo la plastiki lililo kando ya rejeta, linalopokea kipozeo kinapopanuka kwa joto na kukirudisha injini inapopoa. Tumekuwa tukiliita kwa maneno matatu au manne. Nauliza: kwa nini lisiitwe "ndiva"? Kazi ya ndiva ni kupokea, kuhifadhi na kurudisha kwa wakati wake. Lugha ya taifa imekwisha kuchukua "ngeli" kutoka Kihaya, na "kitivo" aghalabu hutajwa kuwa limetoka katika Kipare na Kisambaa. Si ajabu Chasu kikitoa neno la pili.

Mwisho wa sehemu hii ni vitenzi, ambavyo sisi wa istilahi huvisahau kwa kupenda nomino. Fomu nyingi za ukaguzi huandika "kagua maji", na dereva akiona yamepungua huandika "nimeongeza". Lakini kuongeza na kubadilisha si jambo moja. Kuongeza hurudisha kimo. Kubadilisha hurudisha dawa. Dawa ya kipozeo huisha nguvu kwa muda, miaka miwili kwa aina za zamani na hadi mitano kwa nyingi za sasa, hata kama kimo hakijashuka. Ni sawa na ile ndiva iliyojaa tope. Kwa hiyo fomu ingefaa kusema: "Kagua kipozeo: kimo, usafi, na tarehe ya kubadilishwa. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Usiongeze maji ya kisima au ya ziwa isipokuwa kwa dharura. Na baada ya dharura, kipozeo chote kibadilishwe." Na kwa kuwa glikoli ni tamu na ni sumu, hapana budi kuongeza: "Kisimwagwe mahali ambapo watoto au mifugo huweza kukinywa."

7. Hitimisho

Huenda msomaji akasema kwamba dereva hasomi jarida la istilahi, na kwamba ataendelea kusema maji ya rejeta kama babu yake. Ni kweli. Lakini dereva husoma chupa, hujaza fomu, na wengine hupita katika vyuo vya ufundi stadi. Maandishi ya chupa hufasiriwa na mtu. Fomu za magari ya serikali huandikwa na mtumishi, na magari hayo hupelekwa katika karakana za Wakala wa Ufundi na Umeme kwa gharama ya wananchi. Mtaala wa chuo huandikwa na mwalimu. Watu hao watatu wakikubaliana juu ya neno, dereva atalisikia bila kufungua jarida lolote, kama vile alivyolisikia neno rejeta.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule ambao injini ya rota mbili iliingia barabarani. Tangu hapo mashine zimebadilika mara nyingi, nasi tumejitahidi kuzikimbilia kwa majina mapya. Historia ya maji ya rejeta yatuonyesha kazi ya upande wa pili: kurudi kwenye majina tuliyoyazoea, kuuliza yalizaliwa kwa ajili ya mashine gani, na kama mashine hiyo ingalipo. "Gari moshi" liachwe lilivyo, kwani halimdhuru mtu. "Maji ya rejeta" lapasa kuangaliwa upya.

Wasomaji wa Same, Mwanga na kwingineko wanaojua majina mengine yanayotumiwa na mafundi kwa kipozeo, ukoga na ndiva ya rejeta wanaombwa kuyaleta ili yapimwe pamoja na haya.